Video ni ya Bure, Daftari Njoo na Lako

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa natembea kifua mbele hapa chuoni nikijua mimi tayari ni mtu wa kanzidata. Nilikuwa nimemaliza somo zima la video la kuwafundisha wanaoanza, zaidi ya saa 4. Nililitazama usiku, kuanzia saa 6, kwa sababu bando la usiku ndo linaloendana na mfuko wa mtu anayesubiri boom. Wenzangu chumbani wamelala, mimi nimevaa hedifoni, nimejifunika shuka mpaka kichwani, mwalimu wa Kimarekani anaandika amri zake na mimi natikisa kichwa. Naelewa kila kitu. Yaani kila kitu.

Wiki moja baadaye mwenzangu wa chumba, ambaye ni mhazini wa kikoba chetu cha hosteli, akaniomba kitu kidogo. "Si umesoma hayo mambo? Nitengenezee basi orodha ya michango, nijue nani kalipa na nani ananizungusha." Nikafungua laptop. Nikakaa kama dakika 20 naangalia ukurasa mweupe. Sikujua hata neno la kwanza la kuandika. Mwisho nikamwambia laptop inasumbua chaji.

Makala hii inahusu hizo dakika 20. Najua siko peke yangu. Hapa chuoni kuna watu wametazama saa 30 za video za programu hii na ile, wengine wana vyeti vya mtandaoni, lakini ukimpa kazi ndogo ya duka la mjomba wake anakwama. Tunajilaumu kwamba hatuna akili ya kompyuta, au tunazilaumu video. Mimi nadhani tatizo haliko huko. Video za bure zinafundisha, tena nyingine zinafundisha vizuri kuliko pindi nyingi nilizowahi kukaa. Kinachokosekana ni daftari la mtazamaji mwenyewe, yaani taarifa zake halisi, zenye makosa yake na watu wake, ambazo anataka jibu lake kweli kweli.

Kwa ambaye hajakutana na neno lenyewe: kanzidata, wengine huiita hifadhidata, ni taarifa zilizopangwa kwenye kompyuta kwa namna ambayo unaweza kuziuliza maswali. Wazo tunalolitumia leo lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani. Mwaka 1970 alichapisha makala akipendekeza taarifa ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida, na jedwali moja lijuane na jingine kwa kitu kilichoandikwa ndani yake, mfano namba ya mtu. Kabla ya hapo kulikuwa na mifumo kama IMS ya IBM, iliyotokana na kazi ya kufuatilia vipuri vya roketi ya kupeleka watu mwezini. Huo ulipanga taarifa kama mti, na ili ulifikie jani ulilazimika kujua njia ya kupita kutoka kwenye shina. Miaka michache baada ya Codd, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatunga lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Lengo lao lilikuwa hata mtu asiye mtaalamu wa kompyuta aweze kuitumia.

Nimelitaja hilo makusudi, maana kuna wenzetu wa elimu wanasema "hayo ya watu wa IT". Hayakutungwa kwa ajili ya watu wa IT peke yao. Na wala hayako mbali na wewe. SQLite, programu ya kanzidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android. Meseji zako za WhatsApp unazozisoma chini ya dawati wakati lekcha anaongea zimekaa kwenye majedwali hayo hayo.

Sasa tuje kwenye video. Wengi mnamjua Salman Khan wa Khan Academy. Mwaka 2004 alianza kumfundisha hisabati binamu yake, Nadia, wakiwa miji tofauti. Ndugu wengine nao wakataka, na mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube. Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya video, lakini mimi naona tunaruka sehemu muhimu. Nadia alikuwa na shida yake kabla video haijawepo. Kuna kitu shuleni kwake kilikuwa kinamkwamisha, na mwalimu wake alikijua. Sisi tunakwenda kinyume chake. Tunaanza na video, halafu tunategemea shida itakuja yenyewe.

Angalia na mifano inayotumika. Somo nililolimaliza mimi, la freeCodeCamp, linatumia wafanyakazi wa kampuni ya karatasi kutoka tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, yenye tawi mji wa Scranton. Ukijifunza Microsoft Access utakutana na Northwind, kampuni ya kubuni inayoagiza na kuuza vyakula nchi mbalimbali. Ni mifano mizuri, imepangwa ikapangika. Na hiyo ndo shida yake kwa mtu anayeanza. Mfanyakazi wa Scranton ana namba yake, jina lake la kwanza na la mwisho, mshahara wake, kila kitu kimeshajazwa. Mwalimu ameshafanya kazi ngumu yote kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Wewe unaoneshwa jinsi ya kupakua chakula kilichoiva, halafu unadhani umejua kupika.

Halafu kuna suala la lugha. Usiku mmoja nilichoka na Kiingereza nikawasha maandishi ya chini, nikayaweka yajitafsiri kwa Kiswahili. Mwalimu akasema tunatengeneza jedwali, maandishi yakaniambia tunatengeneza meza. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akaamka. Lakini ukifikiria, mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na meza za namna hiyo kila siku darasani, na hakuna anayecheka.

Likizo ndefu ilipofika nikarudi nyumbani, Iyula, wilayani Mbozi. Mnaopita barabara kuu ya Mbeya na Tunduma mnatuona kwa mbali tu, mna haraka ya kwenda kukaa kwenye foleni ya malori mpakani. Kwetu ni kahawa. Miezi ya likizo ndefu ndo miezi ya kuchuma, kwa hiyo mwanafunzi akifika nyumbani hapumziki, anavishwa ndoo.

Nilimkuta Babu ana kinyongo. Msimu uliopita alipeleka kahawa mbivu kwenye chama anachouzia, malipo yalipotoka yakawa pungufu. Alisema alipeleka mara 9. Chama kikasema mara 6. Alikwenda kulalamika mara mbili, akaambiwa daftari halionyeshi. Watu wakaanza kusema mzee kasahau, umri huo. Hicho ndo kilichomuuma kuliko hela. Alitoa stakabadhi zake kwenye kopo la maziwa ya unga, akazipanga juu ya mkeka moja moja, akaniambia, "Mwalimu, hesabu wewe. Hizi ni ngapi?" Zilikuwa 9. Jumla kilo 412. Kwenye daftari la chama alikuwa na kilo 275. Kilo 137 hazipo.

Ndo siku niliyofungua laptop bila kuambiwa na mtu. Sikuweza kutumia programu aliyotumia yule mwalimu, laptop yangu ni ya mtumba na kule kwetu kupakua kitu kikubwa ni kujitafutia presha. Nikatumia DB Browser for SQLite, programu ndogo ya bure niliyoibeba kwenye flashi kutoka chuoni. Nikaenda kwa karani wa chama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndo mjukuu wa mzee wa stakabadhi?"

"Ndiyo mzee. Sijaja kugombana. Naomba nikae hapa ninakili kurasa za kitongoji chetu, nikimaliza nikuoneshe."

Alinitazama weee, mwisho akanionyesha kiti. Alikataa nisipige picha, na alikuwa na haki, maana ndani mle kuna majina ya watu na namba zao za simu. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa tano 2023. Taarifa za mkulima si mali ya mwanafunzi mwenye laptop. Kwa hiyo nikaandika majina, namba za uanachama, tarehe na kilo tu, basi. Siku 3 nimekaa pale, natoka shambani saa 8 mchana, naandika mpaka giza. Wanachama 61, mistari 212 ya kahawa iliyopokelewa.

Nikaanza na jedwali la wanachama. Kwenye video nilisikia mara nyingi kwamba kila jedwali linahitaji ufunguo mkuu, yaani kitu ambacho kwa kila mstari ni cha pekee, hakijirudii. Nilikuwa nimetikisa kichwa kwa hilo pia. Nikaona jina linatosha, nikaliweka jina kuwa ufunguo. Nikaandika, nikaandika, nilipofika mwanachama wa 40 na kitu programu ikagoma. Ikasema sharti la upekee limevunjwa. Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika tena, ikagoma tena. Nikalitazama lile jina. Lilikuwa jina la Babu, majina yote matatu. Lakini Babu nilikuwa nimeshamwandika.

Kumbe yupo mzee mwingine, ng'ambo ya mto, mwenye majina matatu yale yale.

Mtu wa Mbozi hatashangaa. Kwetu majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Simama stendi ya Vwawa uite Haonga uone watageuka wangapi. Weka na majina ya ubatizo, ambayo kila familia inachagua yale yale, na desturi ya kumpa mjukuu jina la babu. Mwalimu wa Scranton hakuwa na shida hiyo kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wachache na kila mmoja alishapewa namba kabla hatujafika.

Pale pale nikakielewa kitu nilichokisikia usiku wote ule bila kukielewa. Na nikagundua kumbe sote tumeishi nacho tangu shule. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini NECTA hawakuiti kwa jina? Wanakuita kwa herufi S, namba ya shule, mkwaju, halafu namba zako 4. Bodi ya Mikopo nayo inakuuliza namba hiyo hiyo ya kidato cha nne. Sababu ni kwamba wanaoitwa kwa jina lako ni wengi nchi hii, na ukikosea mmoja tu, mkopo wa mtu unakwenda kwa mtu mwingine. Huo ndo ufunguo mkuu. Tumeukariri kwa miaka kama namba ya mtihani bila mtu kutuambia una kazi gani.

Nikafuta, nikaanza upya na namba ya uanachama. Nilifikiria kutumia namba ya NIDA, tarakimu zake 20 hazijirudii kwa mtu mwingine. Lakini si kila mzee anayo, na karani haihitaji namba hiyo ili kupima kahawa. Mfano mdogo tu, lakini ni uamuzi ambao hakuna video ingeweza kunifanyia, kwa sababu hauamuliwi na programu. Unaamuliwa na kuwajua watu.

Jedwali la pili likawa la kahawa iliyopokelewa, na hapa ndo tatizo lilipokuwa limejificha. Daftari la chama lina nafasi ya namba ya mwanachama, lakini kwenye mistari mingi iko wazi, limeandikwa jina tu. Ukiona foleni ya jioni msimu wa mavuno utaelewa. Watu wamesimama na magunia, mvua inanyesha au giza linaingia, karani yuko mmoja. Anaandika jina, anapima, anakata stakabadhi, anaita mwingine. Stakabadhi ina namba, daftari halina. Msimu ukiisha mtu mwingine anajumlisha daftari kwa majina.

Nikaunganisha stakabadhi za Babu na mistari ya daftari kwa tarehe na kilo. Mistari mitatu, ya kilo 47, 38 na 52, ilikuwa imejumlishwa kwa yule mzee wa ng'ambo. Jumla yake ni 137. Nilirudia hesabu mara nne, kisha nikatoka nje nikapumua.

Sitaki niifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Karani hakuwa mwizi, na nilipomwonyesha alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Hii mimi ningeionaje?" Kikao kilikubali stakabadhi mbili. Ya tatu, ile ya kilo 52, ililowa na tarehe yake haisomeki vizuri, kwa hiyo mpaka naandika hapa haijakubaliwa. Mzee wa ng'ambo alishalipwa, na hela ilishakuwa ada ya mtoto. Hakujua kuwa si yake, naye alikuja kwa Babu kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Wamekubaliana akatwe kidogo kidogo msimu huu. Babu amerudishiwa heshima yake kuliko hela yake.

Na Babu mwenyewe ndiye aliyeniuliza swali gumu kuliko yote. Jioni ile aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo mashine yako imesema nini ambacho mimi sikusema? Nilisema mara 9. Imesema mara 9."

Ni kweli. Na najua kuna msomaji anafikiria hivyo hivyo: kalamu na karatasi zingetosha. Zingetosha kwa Babu mmoja, kama ningebahatika kuangalia mahali sahihi. Lakini mimi sikuwa natafuta majina yanayofanana. Nilikuwa nimeshaamini jina linatosha, kama karani alivyoamini, kama chama kizima kilivyoamini kwa miaka. Programu ndo iliyokataa kuamini. Na nilipomaliza, niliuliza swali moja zaidi: kuna majina mengine yanayojirudia? Jibu lilikuja kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Jozi nyingine mbili. Hao hawajalalamika, labda hawajui. Karani amezichukua zile namba na msimu huu hakati stakabadhi bila kuandika namba pande zote mbili. Kanuni hiyo haihitaji kompyuta kabisa, lakini imetokana na kompyuta kugoma.

Sasa nirudi kwenu, wasomi wenzangu wa ualimu hasa. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na tunaisoma hapa kwa ajili ya UE, tunaiandika pointi kwa pointi. Moja ya hoja zake kubwa ni kwamba shule isimtenge mwanafunzi na maisha ya kijiji chake. Mimi naona tunaweza kuichukua hoja hiyo mpaka kwenye video za YouTube. Nilitazama saa 4 za Scranton na sikuweza kutengeneza orodha ya kikoba. Nikakaa siku 3 na daftari la Iyula, huku nikirudia vipande vya video ile ile, dakika 6 hapa, dakika 10 pale, nikajua. Video haikubadilika hata kidogo. Safari hii nilikuwa na kitu cha kuiuliza.

Kwa hiyo nina mapendekezo, na naomba serikali yetu ya wanafunzi iyasikie.

Kwanza, usianze somo lolote la kanzidata kabla hujapata daftari lako. La duka la shangazi, la kikoba, la kwaya, la mahudhurio ya shule unayokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Liwe la watu unaowajua, na uombe ruhusa ya mwenyewe. Kila mwalimu wa video akitengeneza jedwali lake, simamisha, tengeneza lako. Ukikwama, hapo ndo somo lilipo. Somo la saa 4 likikuchukua wiki 3, usijilaumu.

Pili, tuache kununua video ile ile mara 200. Kila mmoja wetu anamaliza GB 1 na ushee kutazama kitu ambacho jirani yake kakitazama jana. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Masomo, yakiwemo ya Khan Academy, yanapakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, halafu wengine wanayatazama kupitia mtandao wa ndani ya jengo bila bando. Maabara ya kompyuta ipo. Tunahitaji ifunguliwe Jumamosi na tunahitaji watu wawili wa kujitolea kusimamia. Mmoja ni mimi.

Tatu, sisi watu wa elimu turekodi masomo yetu wenyewe kwa Kiswahili. Simaanishi tushindane na freeCodeCamp. Namaanisha dakika 10, sauti safi, faili dogo linaloweza kutumwa WhatsApp, mfano kutoka kwenye daftari la kwetu lililoondolewa majina ya watu. Jedwali liitwe jedwali, lisiwe meza. Tunafanya mazoezi ya kufundishana darasani kila muhula, mbele ya wenzetu ambao wanasubiri tu zamu yao ipite. Kwa nini tusifundishe kitu ambacho kuna mtu anakihitaji kweli? Karani wa chama kule kwetu ana simu nzuri na ana hamu. Aliniuliza kama kuna video anayoweza kutazama akaelewa. Nikatafuta naye karibu saa nzima. Tulizozipata za Kiswahili zilikuwa chache na hazikugusa alichokuwa anauliza. Nikaona aibu kidogo, kwa sababu najua jinsi ya kuitengeneza na sijaitengeneza.

Kuna atakayesema mwalimu wa historia hana kazi na kanzidata. Lakini ajira ikitoka, au tukijitolea shule za kata kama wengi wetu tutakavyofanya, kazi ya kwanza utakayopewa siku ya Jumatatu ni kuandikisha wanafunzi. Utakuta darasa la 90, watatu wana jina moja, na mmoja wao hajawahi kupata ripoti yake sahihi tangu kidato cha kwanza. Hatalalamika. Watoto hawalalamiki, wanadhani wao ndo wenye kosa. Mwalimu anayejua kuuliza "huyu namtofautishaje na yule" atamwokoa hata kwa kutumia kalamu.

Nimerudi chuoni wiki mbili zilizopita. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwambia mwenzangu wa chumba ukweli kuhusu ile chaji ya laptop. Alicheka, akanipa daftari la kikoba. Majedwali mawili, wanachama na michango, kila mwanachama na namba yake, tumemaliza jioni moja. Tukauliza nani hajalipa. Orodha ikatoka, na jina la kwanza lilikuwa langu, miezi miwili. Nimelipa.